Lagi inavyowafunga vijana wa mji kasoro bahari

SEKUNDE 0.03. Hicho ndicho kipande cha muda kilichomtenganisha Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros jijini Tokyo, Septemba 15, 2025. Walikimbia kilomita 42 na ushee, saa ikawaonyesha wote muda uleule, 2:09:48, na ikabidi picha ya mstarini iamue. Simbu akabeba dhahabu ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha.

Wapo walioshangaa kwamba kitu kidogo namna ile kinaweza kuamua mbio za zaidi ya saa mbili. Kwa kijana wa Kihonda au Mafiga, pale Morogoro, anayecheza soka la mtandaoni, hilo si la kushangaza. Sekunde 0.03 ni milisekunde 30, na yeye hupigwa bao kwa kuchelewa mara tano ya hapo. Anabonyeza pasi, mchezaji wake anasimama kama mti. Anabonyeza kudaka, kipa anaruka wakati mpira umeshatulia nyavuni.

Vijiweni wanaiita lagi. Namba inayoipima wanaiita pingi, yaani muda ambao ujumbe unatumia kutoka kwenye simu yako, kwenda hadi kwenye seva ya gemu na kurudi. Inahesabiwa kwa milisekunde, na milisekunde moja ni sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Soka hili la kwenye skrini si mchezo wa watoto tena. Desemba 2024, FIFA iliendesha Kombe la Dunia la eFootball jijini Riyadh, Saudi Arabia, na Indonesia ikatwaa ubingwa upande wa mashine za nyumbani. Njia ya kufika kwenye majukwaa ya aina hiyo huanzia kwenye mechi za mchujo zinazochezwa mtandaoni, kila mtu akiwa kwake. Kijana wa Moro hahitaji pasipoti wala nauli ili kuanza. Anahitaji simu au mashine nzuri, vidole vyepesi na mtandao usiomzingua. Hicho cha mwisho ndicho kinachowaangusha wengi, na wengi wao wanapambana nacho kwa silaha isiyo yake.

PENALTI YA MILISEKUNDE 400

Ili kuelewa ukubwa wa tatizo, njoo kwenye penalti. Mpira unapigwa kutoka mita 11. Ukienda kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, unafika golini baada ya kama milisekunde 400. Huo ndio muda wote alionao kipa.

Sasa mwanadamu naye ana lagi yake. Jicho likiona, ubongo ukaamua na kidole kikabonyeza, milisekunde 200 hadi 250 zimeshapita. Riadha inalijua hilo vizuri: mkimbiaji wa mbio fupi akiondoka kabla ya sekunde 0.1 tangu mlio wa kuanzia, anahesabiwa kuwa ameiba, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kusikia na kuitikia haraka namna hiyo.

Tuseme gemu linaupeleka mpira kwa kasi hiyohiyo. Mchukue kipa wa kwenye skrini mwenye pingi ya 150. Picha inamfikia imechelewa, na kitufe alichobonyeza kinafika kwenye seva kimechelewa. Katika zile milisekunde 400, 150 zimeliwa na njia. Zinabaki 250, ambazo ndizo mwili wake unazihitaji zote kuamua tu. Mwenzake mwenye pingi ya 30 anabakiwa na 370. Hapo hakuna kipaji wala mazoezi. Mmoja anadaka, mwingine anaokota mpira wavuni.

Na afadhali lagi isiyobadilika kuliko inayoyumba. Pingi ikikaa 90 mechi nzima, vidole vinajifunza kuwahi. Ikicheza 40, mara 200, mara 60, hakuna anayeweza kuizoea. Ni sawa na kucheza kwenye kiwanja ambacho mpira unadunda kila mara kivyake.

LORI LA SUKARI NA BODABODA

Kosa la kwanza la wengi ni kwenda dukani. Gemu likigoma, kijana ananunua bando kubwa zaidi, au nyumba inaomba kifurushi cha faiba chenye kasi mara mbili. Wiki inayofuata lagi iko palepale, na hela imekwenda.

Sababu ni kwamba kasi inayouzwa kwenye vifurushi na pingi ni vitu viwili tofauti. Lori la sukari kutoka Mtibwa linabeba tani 30 kwa mara moja. Bodaboda inabeba abiria na mfuko wake. Lakini ukitaka kuwahisha ufunguo stendi ya Msamvu, hutapanda lori. Megabiti kwa sekunde zinapima ukubwa wa lori. Pingi inapima muda wa safari.

Gemu halina mzigo mkubwa. Linatuma vijiujumbe vidogo vidogo mara nyingi kila sekunde: mchezaji yuko hapa, mpira umepigwa kule. Saa nzima ya kucheza mara nyingi hula makumi ya MB tu, wakati filamu moja inakula GB. Anayecheza gemu hahitaji lori kubwa. Anahitaji bodaboda yake isikwame njiani.

MPIRA UNAPITIA ULAYA

Njia yenyewe ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Morogoro wanapaita mji kasoro bahari, na intaneti ya nje inafika nchini kupitia hiyo bahari inayokosekana. Mikongo ya SEACOM, iliyowashwa Julai 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010, imelazwa chini ya Bahari ya Hindi na kutia nanga Dar es Salaam. Kutoka hapo mawasiliano yanapanda bara kwa faiba, ukiwemo Mkongo wa Taifa.

Ndani ya faiba, mwanga unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hesabu yake ni rahisi: kila kilomita 100 za njia zinakula milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Morogoro hadi Dar ni kama kilomita 190, hivyo ni takriban milisekunde mbili tu. Kama seva ingekuwa Dar, mchezo ungekuwa mtelezo.

Seva za gemu nyingi kubwa haziko Dar. Ikiwa iko Johannesburg, hata faiba ingenyooshwa kama rula, pingi haiwezi kushuka chini ya 24 au 25. Na faiba hainyooshwi, inazunguka baharini kwanza. Ikiwa iko Frankfurt, Ujerumani, umbali wa mstari ulionyooka kutoka Dar ni karibu kilomita 7,000, yaani milisekunde 70 kabla ya mzunguko wa Bahari ya Shamu na Mediterania, na kabla ya vituo vya njiani. Mara nyingi namba inapita 100. Hiyo haipungui kwa hasira wala kwa bando. Hiyo ni fizikia.

Afadhali leo. Kabla ya mikongo hiyo, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye setilaiti zinazokaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe ulipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, na nusu sekunde ikawa imekwenda. Soka la mtandaoni kwa njia ile ilikuwa ndoto.

Bahari nayo ina siku zake mbaya. Jumapili ya Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na watumiaji wa Tanzania na nchi jirani wakaisoma namba. Mkongo ukikatika, mawasiliano yanasukumwa kwenye njia nyingine, ndefu zaidi na zenye msongamano. Siku kama hiyo pingi inapaa hata kwa aliyefunga mtambo wa bei mbaya.

Kinachouma zaidi ni pale vijana wawili wa mji mmoja wanapokutana. Kihonda na Mafiga ziko kilomita chache tu, lakini kama gemu limewapangia seva ya Ulaya, kila pasi inakwenda Ulaya na kurudi Moro. Ndiyo maana mwaka 2004 watoa huduma wa intaneti walianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano Dar es Salaam, TIX, ili ujumbe wa Mtanzania kwenda kwa Mtanzania usizunguke dunia. Kituo kinafanya kazi, lakini hakiwezi kumsaidia mchezaji ikiwa seva yenyewe haipo nchini.

MLIMA NAO UNA NENO

Wanaoishi kwenye miteremko ya Uluguru wana mechi nyingine ya kucheza. Kilele cha Bondwa kimebeba minara ya mawasiliano, na kutoka mjini unaiona. Lakini mlima unaokupa mahali pa kusimika mnara ndio huohuo unaokuzibia. Mabonde ya Mgeta, Kinole na Matombo yamejificha nyuma ya migongo ya milima, na Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote Uluguru, kinapita mita 2,600.

Umbali wa simu na mnara wenyewe si hoja. Kilomita 10 za hewani haziliki hata sehemu ya kumi ya milisekunde. Hoja ni mawimbi dhaifu. Ujumbe ukipotea njiani unatumwa upya, ukipotea tena unatumwa tena, na kila rudio linaongeza muda. Mawimbi yakizidi kufifia, simu inashuka kutoka 4G kwenda 3G au hata 2G, ambako pingi inaweza kufika mamia. Ndiyo maana kwenye kijiji kimoja mtu aliyekaa ukingoni mwa mlima anacheza vizuri, na jirani yake hatua 50 chini bondeni anakatika kila dakika.

Mjini tatizo ni la aina nyingine: saa. Mnara mmoja unagawana nguvu kwa wote waliouzunguka. Saa 2 usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani na kila mmoja ameshika simu, foleni inakuwa ndefu. Saa 12 asubuhi mnara uleule, simu ileile na mstari uleule vinaweza kutoa nusu ya pingi ya usiku.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Pamoja na bahari na mlima, lagi mbaya kuliko zote mara nyingi iko sebuleni.

Fikiria stendi ya Msamvu siku ya kuelekea sikukuu. Barabara ya Dar haijaongezeka urefu hata mita moja, lakini basi linachelewa kwa sababu ya foleni ya kutoka getini. Ruta ya nyumbani ni hiyo stendi. Dada anapandisha video, simu ya baba inahifadhi picha mtandaoni, kompyuta imeanza kujiapdeti yenyewe. Ruta inapanga mizigo yote kwenye mstari mmoja, na kijiujumbe cha pasi yako kinasimama nyuma ya picha za harusi. Pingi iliyokuwa 60 inaruka 300, ingawa kifurushi ni kilekile na mkongo uko salama.

Wataalamu wa mitandao walilipigia kelele tatizo hili la ruta kulundika foleni ndefu mno. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kulitibu iitwayo CoDel, ambayo hupima muda ambao ujumbe umekaa kwenye foleni, badala ya kuhesabu foleni ina urefu gani. Ruta nyingi za leo zina mpangilio wa kusimamia foleni uliojengwa juu ya wazo hilo au linalofanana nalo. Nyingi zinauzwa ukiwa umezimwa, na wenye nyumba hawajui kama upo.

GOLI LA JIRANI

Mashabiki wasiogusa gemu nao wanaijua lagi, kwa jina lingine. Ni lile goli la jirani. Unatazama Simba na Yanga kwenye simu, mpira uko katikati ya uwanja, mara kibanda umiza cha mtaa wa pili kinalipuka kwa kelele. Utamu umeisha kabla hujauonja.

Hapa usilaumu pingi. Kibanda kinatumia king'amuzi cha setilaiti, na safari ya kupanda na kushuka angani inachukua robo sekunde tu, ukiongeza na muda mfupi wa kuandaa picha. Mtandaoni, mechi inakatwa vipande vya sekunde kadhaa, kila kipande kinaandaliwa na kutumwa, na simu inakusanya vichache akiba ndipo ionyeshe. Akiba hiyo ndiyo inayozuia picha kukwama, na ndiyo inayokuweka nyuma kwa sekunde 20, 30 au zaidi. Mtazamaji anaweza kuvumilia akiba. Mchezaji hawezi, kwa sababu huwezi kuweka akiba ya penalti ambayo haijapigwa. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha mechi safi kabisa na gemu likakwama palepale.

PIMA, KISHA TIBU

Tiba inaanza na kupima, na kupima ni bure. Gemu nyingi zinaonyesha pingi kwenye kona ya skrini, na zipo programu za bure za kuipima. Pima asubuhi, jioni na usiku, kwa siku tatu. Andika namba ya chini na ya juu.

Kama ni nyumba yenye ruta, anza kwa kupima pingi kati ya kifaa chako na ruta yenyewe. Ikizidi milisekunde chache au ikiyumba, tatizo liko ndani ya nyumba. Chomeka waya badala ya waifai. Ikishindikana, sogea karibu na ruta na utumie masafa ya GHz 5, ambayo hayana msongamano kama ya GHz 2.4, ingawa hayapendi kuta nene.

Ikiwa pingi ni nzuri nyumba ikiwa kimya, na inaruka mtu akipandisha video, tatizo ni foleni. Zima apdeti za kujiendesha saa za mechi, washa mpangilio wa foleni kwenye ruta, au kubalianeni ndani ya nyumba: mechi ni dakika 15, picha zitahifadhiwa baadaye.

Kwa anayetumia laini ya simu, pima kila mtandao mahali unapochezea hasa, si mahali ulipouziwa laini. Ng'ang'ania 4G kwenye mipangilio ili simu isirukeruke. Sogea dirishani au upande unaotazama mnara. Huko milimani, mita 20 za kupanda zinaweza kukupa unachokosa dukani.

Ikiwa vyote hivyo viko sawa na pingi bado ni 120 muda wote, hiyo ni njia ya seva. Chagua seva ya karibu zaidi, kama gemu linaruhusu. Jihadhari na programu zinazouzwa kwa ahadi ya kushusha pingi: mara chache hupata njia bora, mara nyingi huongeza kituo kingine katikati.

NYUMBANI NA UGENINI

Kazi kubwa zaidi iko kwa waandaaji wa mashindano ya mtaani, yale ambayo vijana wanachangishana kiingilio na bingwa anaondoka na kitita. Mtu akitoa hela yake, anastahili kufungwa na mpinzani, si na njia.

Njia safi kuliko zote ni kuwakusanya kwenye ukumbi mmoja. Gemu zinazoruhusu mashine kuunganishwa zenyewe kwa waya zinashusha pingi hadi moja au mbili, na bahari yote inatoka kwenye hesabu. Mashindano makubwa ya dunia hucheza fainali zake chini ya paa moja kwa sababu hiyo, miongoni mwa nyingine.

Ikibidi kuchezea mtandaoni, soka lenyewe lina kanuni ya kuazima. Gemu nyingine hazipitii seva wakati wa mechi. Kifaa cha mchezaji mmoja ndicho kinachokuwa mwenyeji, naye ananufaika. Basi ziwe mechi mbili, nyumbani na ugenini. Kwa gemu za seva, kila mchezaji aonyeshe pingi yake kabla ya filimbi, na kanuni iseme mapema ni namba gani inaahirisha mechi. Refa hukagua nyavu na mistari kabla ya mchezo. Hapa mtandao ndio kiwanja.

Morogoro si wageni wa kushangaza wakubwa. Mseto walitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975, Reli wakajiita Kiboko ya Vigogo, na Mtibwa Sugar wakachukua taji mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Vipaji havijaisha kwa sababu pedi imechukua nafasi ya njumu.

Kilomita za kwenda Johannesburg au Frankfurt hazitapungua kwa ajili ya kijana wa Kihonda. Zile milisekunde 200 zinazoliwa na ruta ya sebuleni ni zake, na anaweza kuzirudisha leo jioni kwa waya mmoja na makubaliano na dada yake. Simbu alihitaji 30 tu.